Kichaka kimoja, majina matatu: kwa nini hothoni huwatatiza hata wataalamu wa mimea

Mtu anapiga picha kichaka chenye miiba na maua meupe, anaiweka picha kwenye programu ya simu ya kutambua mimea, na jibu linakuja: Crataegus monogyna. Anasogea hatua mbili, anapiga jani jingine la kichaka kilekile, na safari hii anaambiwa ni Crataegus laevigata. Akijaribu mara ya tatu anapewa jina la mmea wa Marekani. Wengi hapo hukata shauri kwamba programu ni mbovu, au kwamba elimu ya mimea ni ya kubahatisha tu. Si hivyo wala si vile. Mmea huo, ambao Waingereza huuita hothoni, una tabia zinazovuruga ule utaratibu tuliozoea wa kila kiumbe na jina lake. Ukizielewa tabia hizo, hata majibu matatu ya simu yanaanza kuwa na maana.

Tuanze na neno letu wenyewe, "aina", maana sehemu ya mkanganyo iko hapo. Twasema aina ya mti, aina ya tunda, aina ya ua, na kila mara tunakusudia kitu tofauti. Wanaoainisha mimea hawawezi kufanya kazi na neno pana kiasi hicho, hivyo wana ngazi. Familia ni kama ukoo mkubwa. Ndani yake kuna jenasi, ambazo ni kama milango ya ukoo. Ndani ya jenasi kuna spishi, na jina la spishi huandikwa kwa maneno mawili ya Kilatini: la kwanza ni la jenasi, la pili ni la spishi yenyewe. Crataegus ni jenasi ya hothoni zote. Monogyna ni mmoja wa waliomo ndani yake.

Chini ya spishi kuna ngazi mbili ambazo huchanganywa kila siku. Varieti ni kundi ndani ya spishi lenye tofauti ndogo inayorithiwa, na jina lake hutanguliwa na kifupi "var." Huko China, kwa mfano, hothoni inayolimwa kwa ajili ya matunda makubwa ni Crataegus pinnatifida var. major. Kultiva ni kitu kingine kabisa: ni mmea uliopendwa na watu kwa sifa fulani, wakaudumisha kwa mikono yao, mara nyingi kwa kuuunga juu ya shina la mmea mwingine.

Mfano maarufu wa kultiva uko Glastonbury, Uingereza. Hothoni ya pale huchanua mara mbili, wakati wa baridi karibu na Krismasi na tena majira ya kuchipua, na hadithi ya kale inasema ilichipuka kutokana na fimbo ya Yusufu wa Arimathaya, yule wa Biblia aliyemzika Yesu. Watu huamini lazima iwe spishi ya pekee. Kwa mtaalamu wa mimea ni Crataegus monogyna ileile ya kandokando ya mashamba, kultiva inayoitwa 'Biflora', yaani yenye kuchanua mara mbili. Ukipanda mbegu yake, huna hakika ya kupata tabia hiyo. Ili kuihifadhi huna budi kuunga kitawi chake. Ndiyo maana mti uliosimama kwenye kilima cha Wearyall ulipokatwa matawi usiku mmoja wa Desemba 2010, haukuwa mwisho wake. Vipandikizi vya mti huo wa Glastonbury vilikuwa vinakua kwingine.

Kwanza, je, ni hothoni kweli?

Kabla ya kuuliza ni hothoni gani, hakikisha ni hothoni. Jenasi hii imo katika familia ya waridi, Rosaceae, na ndugu zake wa karibu ni tufaha na peasi. Undugu huo unauona kwa macho. Chukua tunda moja dogo jekundu uligeuze, uangalie upande usio na kikonyo: kuna taji dogo lililokauka, masalia ya ua, kama lile lililo chini ya tufaha. Ndani kuna nyama ya ungaunga, na katikati kokwa ngumu, moja hadi tano.

Sasa uutazame mwiba. Lugha yetu inauita mwiba mwiba, uwe wa waridi au wa kitu kingine, lakini kwa mmea hivyo ni viungo tofauti. Mwiba wa waridi umeota kwenye ngozi ya shina; ukiusukuma kwa kidole gumba unabanduka na kuacha kovu laini. Mwiba wa hothoni ni tawi. Unatoka pale jani linapoungana na shina, mahali ambapo kwa kawaida tawi huanzia, na ndani yake mna mti mgumu. Haubanduki, unavunjika. Wakati mwingine utaona kitawi kifupi chenye majani yake kikiishia kwenye ncha kali, kana kwamba kilianza kuwa tawi kikabadili nia njiani.

Wanaofananishwa nayo ni wengi. Prunus spinosa ina miiba mikali na maua meupe vilevile, na ndiyo inayowapoteza watu zaidi mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Hiyo huchanua matawi yakiwa bado matupu, wakati hothoni kwa kawaida huvaa majani kwanza ndipo ichanue. Tunda lake halina taji, na kokwa ni moja tu kama ya plamu, maana ni jamaa ya plamu. Pyracantha nayo ina miiba na matunda mekundu au ya rangi ya chungwa, ila haipukutishi majani yote wakati wa baridi, na majani yake hayakukatwakatwa pembeni. Kuna na Rhaphiolepis, ambayo wauza maua huiita hothoni ya India: haina miiba wala haimo katika jenasi hii. Hata kuna mmea wa majini kutoka Afrika Kusini, Aponogeton distachyos, unaoitwa hothoni ya maji ingawa hauna undugu wowote na hothoni. Majina ya mitaani hayana polisi.

Hothoni mbili za Ulaya

Sehemu kubwa ya Ulaya magharibi, mtu anayekutana na hothoni ya porini huwa anachagua kati ya mbili: Crataegus monogyna na Crataegus laevigata. Hapa ndipo panapofaa kuinama karibu.

Chuma ua moja lililofunguka vizuri. Petali ni tano, nyeupe, za mviringo. Ndani yake stameni zimesimama kwa wingi, nyembamba kama nyuzi, na juu ya kila moja kuna kichwa kidogo cha pinki kinachobeba chavua. Zisogeze kwa ncha ya sindano utazame katikati kabisa. Pale pamesimama kijiti cha kijani chenye kichwa kilichobonyea, kinachopokea chavua. Kihesabu. Kikiwa kimoja, una monogyna. Jina lenyewe kwa Kigiriki lina maana ya "mke mmoja". Vikiwa viwili, mara chache vitatu, una laevigata. Na kwa kuwa kila kijiti kina kokwa yake, hesabu hiyo haipotei maua yakipukutika. Miezi kadhaa baadaye, pasua tunda: kokwa moja, au kokwa mbili zilizobanana bapa kwa bapa.

Jani nalo linasema. Lifikirie kama kiganja chenye vidole. Katika monogyna mapengo kati ya vidole ni marefu, yanapita nusu ya njia kuelekea mshipa mkuu wa jani. Katika laevigata mapengo ni mafupi, vidole vimekuwa vifupi na vya duara, kama mkono uliovaa glovu nene. Laevigata pia ina miiba michache zaidi, na hupenda msitu wa kale wenye kivuli na udongo mzito, wakati mwenzake hupenda jua na mahali pa wazi.

Lakini jihadhari na jani unalochuma. Hothoni hutoa matawi ya namna mbili. Kuna vitawi vifupi, vinavyokua kidogo sana kila mwaka na kubeba maua. Na kuna machipukizi marefu yanayokimbia, hasa kichaka kikishakatwa. Majani ya chipukizi refu huwa makubwa na yenye mikato mirefu kuliko kawaida, hata kwenye mmea ambao majani yake mengine yana mikato mifupi. Maelezo ya vitabu vya utambuzi hutegemea zaidi jani la kitawi kifupi. Anayepiga picha kwa simu hupiga lile kubwa linalojitokeza mbele, kwa sababu ndilo zuri. Nina hakika makosa mengi ya programu hizo huanzia hapo, si kwenye hesabu za kompyuta.

Kuna jina jingine linalosumbua: Crataegus oxyacantha. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alilitumia katika kazi yake kuu ya mwaka 1753, wakati hizi mbili hazijatenganishwa vizuri. Mwaka 1775 Nikolaus von Jacquin akaipa ile ya kijiti kimoja jina la monogyna. Tangu hapo waandishi wengine wakawa wanasema oxyacantha wakikusudia ya vijiti viwili, wengine wakikusudia ya kijiti kimoja, wengine zote mbili. Jina likawa halisemi kitu tena, na wataalamu wakakubaliana kuliweka kando. Bado linachapwa kwenye chupa na paketi za dawa za mitishamba, kwa kuwa hothoni ina sifa ya kale ya kuwa dawa ya moyo. Ukiliona, usidhani ni mmea wa tatu. Na anayetumia dawa za hospitali za moyo azungumze na daktari wake kwanza, kwa sababu dondoo za hothoni zinaweza kuingiliana nazo.

Sasa turudi kwenye kichaka chetu cha mwanzo. Hothoni hizi mbili zinapokutana huzaana, na watoto wao wana rutuba, nao huzaana na wazazi na wao kwa wao. Chotara huyo ana jina rasmi, Crataegus × media, alilopewa na Johann Bechstein mwaka 1797. Alama ile ya kuzidisha ndiyo inayotangaza uchotara. Zamani laevigata ilikaa msituni na monogyna nje. Watu walipofyeka misitu, kisha huko Uingereza wakapanda uzio wa hothoni kwa maelfu ya kilomita kugawa mashamba katika karne za 18 na 19, pazia lililowatenga likaondoka. Ndiyo maana unaweza kukuta kichaka kimoja chenye maua ya kijiti kimoja na ya vijiti viwili kwenye tawi lilelile, na majani yasiyoamua upande. Simu iliyotoa jibu la kwanza na la pili haikuwa inadanganya. Ilikuwa inaona wazazi wawili ndani ya mtoto mmoja.

Marekani: majina zaidi ya elfu moja

Kama Ulaya ni kijiji, Amerika Kaskazini ni jiji lenye watu wasiojuana. Mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu watatu, Charles Sprague Sargent wa bustani ya miti ya Arnold mjini Boston, Chauncey Beadle wa Biltmore huko North Carolina, na William Willard Ashe, walianza kuzichunguza hothoni za bara hilo kwa makini ambayo haikuwahi kuonekana. Ndani ya miaka kama 30 majina ya spishi mpya yakapita elfu moja, mengi yakiwa ya Sargent. Baadaye wengine, akiwemo Ernest Jesse Palmer, wakaanza kuyapunguza. Na James Phipps wa Kanada akatumia miongo mingi kuzipanga upya. Leo ukiuliza dunia ina spishi ngapi za hothoni utajibiwa 140, au 200 na ushei, kutegemea umemuuliza nani. Jimbo la Missouri lilipochagua ua lake rasmi mwaka 1923, sheria iliitaja hothoni kwa jina la jenasi tu, Crataegus, bila spishi. Naona walifanya busara.

Ni rahisi kumcheka Sargent. Mimi simcheki. Aliona tofauti za kweli: kichaka hiki kina stameni 10, kile 20, hiki vichwa vya chavua ni vyeupe, kile ni vyekundu. Zaidi ya hayo, alipopanda mbegu, watoto walifanana na mama. Kwa mtu wa wakati wake, huo ulikuwa ushahidi tosha wa spishi. Alichokosa ni habari ya kinachotokea ndani ya mbegu, ambayo wakati huo haikuwa imejulikana.

Kila chembe hai ya hothoni ina kromosomu, nyuzi zilizobeba maagizo ya urithi. Seti moja ni kromosomu 17. Mmea wa kawaida una seti mbili, ya baba na ya mama, jumla 34, na ndivyo zilivyo monogyna na laevigata. Hothoni nyingi za Amerika zina seti tatu, 51, au nne, 68. Nne zinagawanyika. Lakini jaribu kugawa seti tatu mara mbili: daima moja inabaki haina mwenzake. Mmea wa namna hiyo hushindwa kutengeneza mbegu za kawaida, kama baghala, mtoto wa punda na farasi, asivyoweza kuzaa.

Hothoni imepata njia ambayo baghala hana. Inatengeneza mbegu bila kuchanganya urithi wa baba. Kiini cha mbegu kinatoka moja kwa moja kwenye mwili wa mama, na mche unaoota ni pacha wake. Mara nyingi chavua bado inahitajika, ila kazi yake ni kuwezesha akiba ya chakula ndani ya mbegu ikue. Kwenye kiini chenyewe baba hana sehemu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, tunasema, lakini kwa kawaida si nakala ya mamaye. Hapa ni nakala.

Weka mambo hayo matatu pamoja. Spishi mbili zinazaana na kutoa chotara. Chotara anajikuta na seti za ziada za kromosomu. Kisha anajinakili kwa mbegu, ndege wanakula matunda na kuzisambaza, na baada ya muda kilima kizima kimejaa vichaka vinavyofanana kama mapacha, tofauti kidogo na vya kilima cha pili. Je, kila kilima ni spishi? Sargent alijibu ndiyo. Wengi wa leo hujibu hapana, huviweka vilima vingi chini ya jina moja lililo pana. Hakuna kati yao aliyekosea kuona. Wanachobishania ni mahali pa kuchora mstari, na mmea wenyewe haukuchora.

Wapo wanaosema vipimo vya DNA vimeshamaliza ubishi huu. Vimesaidia sana, lakini havimalizi, kwa kuwa DNA nayo hukuta chotara juu ya chotara. Angalia kisa cha Arkansas. Mwaka 1990 kichaka kidogo cha mimea kama 25, kilichokuwa peke yake kwenye eneo moja la jimbo hilo, kilitangazwa kuwa spishi mpya ya jenasi jirani, Mespilus canescens. Ilikuwa habari kubwa, maana jenasi hiyo ilijulikana kuwa na spishi moja tu, ya upande wa Ulaya na Asia. Uchunguzi wa urithi uliofuata ulionyesha dalili za chotara: mzazi mmoja akiwa hothoni ya huko huko, Crataegus brachyacantha, na mwingine ile Mespilus germanica ya Ng'ambo. Vipimo vilifungua fumbo la mimea ile, na papo hapo vikaleta swali kubwa zaidi: kama jenasi hizi mbili ziko karibu kiasi cha kuzaana, zinastahili kweli kuwa mbili? Baadhi ya wataalamu wameshaiingiza Mespilus ndani ya Crataegus.

Unaposimama mbele ya kichaka

Utambuzi wa hothoni unahitaji safari mbili, na hili ndilo ambalo picha moja ya simu haiwezi kukupa. Safari ya kwanza ni wakati wa maua. Hesabu stameni katika maua kadhaa, si moja, maana huanguka. Andika rangi ya vichwa vya chavua palepale, kwani kufika kesho vimekauka na kuwa kahawia, na kwa spishi za Amerika rangi hiyo inaweza kuwa ndiyo kila kitu. Hesabu vijiti vya katikati. Chuma kitawi kifupi chenye maua na majani yake. Halafu ufuate mishipa ya jani kwa kidole: katika hothoni za Ulaya baadhi ya mishipa huelekea kwenye mapengo kati ya vidole vya jani, wakati katika nyingi za Amerika huelekea kwenye ncha za vidole tu.

Unaponusa, usishangae. Maua ya hothoni yana trimethylamine, kemikali ambayo pia hutokea nyama inapoanza kuoza, na harufu hiyo huwaita nzi wanaosaidia kuchavusha. Uingereza na Ireland kuna imani ya zamani kwamba kuingiza maua haya ndani ya nyumba huleta kifo, na si ajabu kwa watu waliokuwa wakilaza maiti zao nyumbani. Hata hivyo, harufu haitoshi kuwa kigezo cha kutofautisha spishi.

Kisha funga kijibati au kitambaa chenye namba kwenye tawi, na uondoke. Rudi matunda yakiiva, kwenye kichaka hichohicho. Kilichosimama jirani yake kinaweza kuwa kitu kingine. Rangi ya tunda isikuhadae, kwani nyekundu ni ya wengi, na Crataegus douglasii ya magharibi mwa Amerika hutoa matunda meusi. Chuma kumi kutoka pande tofauti za kichaka, uyapasue kwa kisu moja baada ya jingine, uzipange kokwa kwenye karatasi. Kwa kile kichaka cha majina matatu, huenda matunda sita yakatoa kokwa mojamoja na manne yakatoa mbilimbili. Hapo andika Crataegus × media, na chini yake namba ya kitambaa, tarehe zote mbili, na hesabu uliyopata.